Mnazi Ulioangukia Nyumba Yetu

Likoni, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Halima,

Salamu zangu utazipata kesho kwa mdomo, na dua utasomewa mlangoni na shangazi zako, kwa hivyo sitaimaliza karatasi kwa hayo. Wala sitakuandikia habari za kula, za kulala na za kufunga sanduku. Wamekwisha kukujaza masikio tangu wiki jana, na nakuona unavyoitikia "ndiyo, shangazi" huku macho yako yako kwingine. Sasa umekwenda Timbwani kuwaaga jamaa wengine, nami nimepata nafasi ya kukaa uani peke yangu, chini ya lile turubai, nikaandika. Barua hii utaikuta ndani ya mkoba wako, juu ya fomu ya bima. Isome ukiwa kwenye feri, kabla hujafika mjini.

Nina hofu, Halima. Nalisema mapema nisije nikalizunguka mpaka karatasi ikaisha. Unakwenda bara kusomea ualimu, na hilo peke yake lingetosha kuninyima usingizi, lakini hofu yangu kubwa ni ya ile fomu. Umeniuliza siku zote hizi kwa nini siitii sahihi, na mimi nimekujibu mara kichwa chaniuma, mara tungoje Jumatatu. Ukaacha kuuliza. Nataka ujue nilikuwa naogopa nini, maana umebakia kudhani mama yako hataki tu kusumbuliwa na makaratasi.

Nyumba hii ni yetu. Miti, udongo, mabati, milango, vyote baba yako alivinunua kwa jasho lake. Ardhi iliyo chini yake si yetu. Ni ya Bwana Seif, anayekaa kisiwani, na kila mwezi nokoa wake, Mzee Juma, anayemsimamia shamba, huja kuchukua kodi ya ardhi. Hayo unayajua. Masharti labda huyajui yote. Siku ya kwanza tuliambiwa tusijenge kwa mawe na tusipande mti wa kudumu. Mihogo pandeni, mchicha pandeni, mnazi na mwembe na mkorosho hapana. Kwetu hapa aliyepanda mti ana neno juu ya mahali uliposimama, na Bwana Seif hakutaka mpangaji wake awe na neno.

Basi kitovu chako kilipodondoka, baba yako alikifunga kwenye kitambaa, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akakizika, na juu yake akaweka nazi iliyochipua. Nilikuwa bado kwenye arubaini, nimekaa dirishani. Nikamwambia, "Bakari, masharti umeyasahau?" Akacheka. "Wataka kitovu cha mwanangu nikizike chini ya mchicha?" Ndivyo alivyokuwa baba yako. Neno zito ukimpa, alikurudishia jepesi.

Ndiyo, mamangu. Mnazi ule ulikuwa wako.

Hukuwahi kuambiwa, na sababu ni mimi. Ulipoanza kuzaa, Mzee Juma alikuja na mkwezi kuangua nazi za shamba zima, akasimama nyuma ya nyumba yetu akiutazama. Akaniita, "Mwanatumu, mnazi huu watoka wapi? Mimi siujui." Baba yako alikuwa kazini. Wewe ulikuwa umening'inia kwenye leso yangu. Nikamwambia, "Nazi iliyoanguka, Mzee, ikaota yenyewe. Ni wa bwana." Alinitazama kitambo. Halafu akatoa panga, akaukatia alama ya Bwana Seif kwenye shina, na mkwezi akapanda.

Baba yako aliporudi aliiona ile alama. Hakunigombeza. Alikula, akanawa, ndipo akasema angevuka kesho yake aende kwa Bwana Seif, amweleze ni mti wa mtoto, amwombe msamaha, aununue ikibidi. Nililia mpaka akaacha. Nilimwambia tutafukuzwa, mtoto bado mdogo, tutakwenda wapi. Hakulitaja tena. Na tangu hapo nazi za mnazi wako zilivuka maji kwenda jikoni kwa watu wengine. Unakumbuka nilikuchapa siku uliyookota nazi chini yake ukaificha uvunguni? Ulilia ukisema umeikuta chini, haikuwa ya mtu. Nilikuchapa kwa sababu Mzee Juma alikuwa njiani anakuja. Naona haya nikiikumbuka siku hiyo.

Na si hilo tu. Mwaka alipofariki baba yako choo kilijaa, na fundi alitaka kuchimba kipya kule mbali, karibu na njia. Nikakataa. Niliona Mzee Juma angepita, angeona watu wanachimba, angeanza kuuliza tunajenga nini. Nikamwambia fundi achimbe nyuma ya nyumba, mahali pasipoonekana. Aliikata mizizi ya mnazi mbele ya macho yangu. Akaniambia, "Mama, mti huu utalegea." Nikamwambia achimbe tu, nitamlipa.

Ile bima nayo watu walimcheka sana baba yako. Alikuwa karani wa ghala bandarini, akaona ghala la jirani linaungua, na mwenyewe akalipwa akajenga jingine. Akarudi nyumbani hana neno ila bima. Barazani wakasema Bakari ameivisha nyumba yake hirizi ya Kizungu. Mimi nami nilikuwa na wasiwasi wangu wa dini, nikauliza kwa wanaojua, nikajibiwa mara hivi mara vile. Yeye akaniambia, "Siwekeani mkataba na Mungu, Mwanatumu. Natafuta mabati tu, siku mabati yatakapohitajika." Alilipa kila mwaka, na alipofariki nikaendelea kulipa. Wallahi sikujua vizuri nalipia nini. Nililipa kwa kuwa yeye alilipa.

Siku mnazi ulipoanguka unaijua ya kwako. Ya kwangu sijakwambia. Nilikuwa chumbani mbele nakunja nguo, upepo umeanza kuvuma na mvua inanukia. Nikasikia ardhi inatoa sauti nyuma ya nyumba, halafu kishindo, halafu mabati. Nikaita, "Halima!" Kimya. Nilijua ulikuwa uani unapika. Nikaita tena. Mlango wa uani ulikuwa wazi, mwanga unaingia mwingi kupita kawaida, na miguu yangu haikwenda. Nilisimama ukumbini nimeshika ukuta, mama mzima, mtoto wangu huenda yuko chini ya mti, na mimi siwezi kwenda kutazama. Ndipo nikasikia "Abee, mama!" kutoka kwa jirani, ulikokwenda kuomba kaa la moto. Ulinikuta nimekaa chini nalia, ukanibembeleza ukisema mabati hununuliwa. Sikuwa nalilia mabati.

Chumba kilichovunjika ni cha mpangaji wetu, Mutua. Mungu alimweka kazini bandarini mchana ule. Aliporudi akakitazama kitanda chake kilivyokatika katikati, akavua kofia. "Mama, mimi nitalala ukumbini, hakuna neno," akasema. "Lakini mke wangu anakuja kutoka Kitui mwezi ujao. Yeye siwezi kumlaza ukumbini." Alisema kwa adabu. Kodi ya chumba chake ndiyo iliyokusomesha.

Bwana Fernandes, wakala wa bima, alipokuja na baiskeli yake ulikuwepo. Aliizunguka nyumba, akapima, akachungulia hata shimo la choo, akaandika. Kisha akasimama kwenye shina, akagusa ile alama ya panga kwa kalamu yake.

"Mama Halima, mnazi huu wa nani?"

Wewe ukadakia, "Wa mwenye shamba." Ulisema unachokijua. Mimi nikainama nikaokota kipande cha bati.

"Kama ni wa mwenye shamba," akasema, "kampuni itakulipa wewe, kisha itamgeukia yeye, kwa nini mti wake haukutunzwa. Kama ni wako, hakuna wa kugeukiwa. Upepo ni upepo. Lakini lazima tumwandikie mwenye ardhi barua kuthibitisha. Hiyo ndiyo kawaida."

"Na kile kishimo?" nikamwuliza.

"Kile wakubwa wataamua."

Akakuachia fomu. Ukaijaza yote kwa mwandiko wako mzuri, nami nikakuomba uache wazi pale panapouliza mti ni wa nani. Ulinitazama, ukapaacha. Bwana Fernandes ameipa mwisho kesho.

Siku ya pili yake ulipokwenda sokoni, alikuja Mzee Juma. Hakutaka kukaa. Alisimama mlangoni anazungusha bakora.

"Pole, Mwanatumu. Bwana amepata habari. Asema gogo lisikatwe, watakuja kulichukua."

"Gogo limo chumbani kwa watu, Mzee. Nimwambie mpangaji alale nalo?"

"Mimi nimetumwa tu." Akashusha sauti. "Nasikia umeleta mtu wa bima. Nakwambia kama binti yangu, funika na makuti, unyamaze. Bwana siku hizi halali. Kila akienda msikitini ni maneno ya uhuru na ya mwambao, nani atabaki na ardhi, nani ataondoka. Watu wamemtia maneno kwamba uhuru ukija, kila aliyepanda mti atasema shamba ni lake. Asimsikie mpangaji wake hata mmoja ana mti."

Alisema "ana mti" akinitazama usoni. Nadhani anajua, Halima. Nadhani alijua tangu siku ile alipotoa panga, na amenitunzia siri yangu miaka yote hii, naye akiogopa kazi yake. Sote wawili tumeulinda uongo mmoja, na kila mwezi tunaulizana hali na kupeana kodi.

Sasa nikuhesabie hofu zangu, maana nimekaa nazo mpaka nazijua sura. Nikiandika mnazi ni wa Bwana Seif, kampuni itamshika yeye, naye atanishika mimi. Nikiandika ni wetu, atapata barua ya kumwambia mpangaji wake alipanda mti juu ya ardhi yake, mwaka huu katika miaka yote. Unamkumbuka Bi Mishi, aliyekuwa akikupa visheti? Mume wake alipanda mikorosho. Waliambiwa wabebe nyumba yao waondoke. Niliwaona wakishusha bati moja moja, wakafungua milango bawabani, wakapakia mkokoteni kwenda Mtongwe. Kuta za udongo hazibebeki, zikabaki zimesimama bila paa mpaka mvua ikazilaza. Bi Mishi alipita hapa kuniaga ameshika kufuli mkononi. Kufuli tupu. Nilimtilia maji akanywa, wala sikumwuliza atalifungia nini.

Na huenda nikasema kweli yote, kampuni ikatazama kile kishimo ikakataa kulipa, na Bwana Seif akanifukuza vilevile. Hilo nalo nimeliwaza.

Kwa hivyo nilikuwa nimekata shauri. Makuti nilikwisha yaagiza. Fomu ningeitia mekoni, nawe ningekwambia Bwana Fernandes amesema haifai. Uongo huo nao nilikwisha utengeneza, nimeupiga pasi kabisa. Ilibaki kuusema.

Lakini Jumanne nilikuwa naanua nguo, nikakusikia ukizungumza na mwenzako Mwanaidi upande wa pili wa ua. Ulimwambia hutakwenda. Ulisema utaandika chuoni wakupe nafasi mwaka mwingine, utafute kazi kwenye duka la nguo kule mjini, mpaka nyumba itengenezwe. "Nitamwacha vipi mama chini ya turubai?" Mwanaidi akakuuliza kama umeniambia. Ukasema, "Mama akisikia atalia. Nitamwambia Ijumaa, sanduku likishafungwa." Kumbe nawe umejifunza kwangu. Umejifunza kungoja mpaka neno halina pa kwenda.

Nilikaa na kanga niliyoianua, bado mbichi, mapajani. Niliona nikinyamaza tena hatutafukuzwa. Mzee Juma ataendelea kuja, tutaulizana hali. Wewe utauza vitambaa mwaka mmoja, halafu wa pili, maana kuta za nyuma zimekwisha lowa na masika hayajaisha, na makuti hayashindani nayo. Utapata mchumba, utazaa, na mama yako atakukataza kuokota nazi. Hilo liliniogopesha kuliko kufuli la Bi Mishi. Sikujua kama kuna kitu kingeweza kuniogopesha kuliko lile kufuli.

Usinione shujaa. Sikwambii usiogope huko uendako, maana ningekuwa nakwambia nisilolijua. Miaka yote hii nilikuwa na hakika kwamba nikinyamaza nailinda nyumba, na ukitazama vizuri, mti ulioiangukia ni mimi niliyeukata mizizi, kwa kuogopa kuonekana nachimba. Baba yako alitaka kwenda kusema siku ya kwanza, mti ukiwa mmoja na Bwana Seif akiwa hana cha kumnyima usingizi. Labda angecheka. Labda angetufukuza tukiwa vijana wenye nguvu ya kujenga pengine. Sitajua. Ile siku niliyomzuia ndiyo inayoniuma, na huwa inaniuma zaidi mnapocheka wewe na wenzako, kwa sababu unacheka kama yeye.

Nimetia sahihi. Na pale ulipoacha wazi nimeandika mwenyewe, kwa herufi hizi hizi za Kiarabu tulizosomea chuo cha Kurani, kwa kuwa za Kizungu sizijui na sikutaka mtu mwingine aniandikie jambo hilo.

Kesho mjomba wako atakuvusha. Mimi sitavuka nanyi, na najua utaumia, tangu mtoto ulikuwa ukisema siku utakayopanda gari la moshi nitakushikia dirisha. Mzee Juma atakuja asubuhi hiyo hiyo kuchukua kodi ya mwezi. Nataka asikie kwa mdomo wangu, kabla barua ya kampuni haijamfikia bwana wake, na kama atanipeleka kwa Bwana Seif nitakwenda. Nimekwisha itoa buibui yangu nzuri. Nitamwambia Bwana Seif kwamba mti ulikuwa wa mtoto, kwamba siutaki mchanga wake, na kwamba nokoa wake hana kosa. Zaidi ya hayo sijui nitasema nini. Mutua nimemwambia jana, maana paa lake nalo limo. Akasema Ijumaa asubuhi ataomba ruhusa kazini akae nyumbani, ili nisiwe peke yangu Mzee Juma akija.

Wewe, mkishuka kwenye feri, nenda moja kwa moja kwa Bwana Fernandes, umkabidhi fomu mkononi. Hajui kusoma herufi zetu. Atakuuliza pale mama yako ameandika nini. Usione haya, msomee. Pameandikwa: Mnazi ni wa Halima binti Bakari, ulipandwa na baba yake.

Gari huondoka jioni. Nikimalizana na watu hawa mapema nitakuja steshenini, nitakutafuta dirisha kwa dirisha. Usiposikia sauti yangu, ujue ama bado nazungumza, ama nimekwisha ambiwa nibomoe, na nimeanza. Filimbi ikilia sijaonekana, mwanangu, usishuke.

Mimi mama yako,
Mwanatumu binti Omari